Mtoto wa mtaa akiuzwa Ulaya, timu iliyomlea inapata nini?

Kila soko la wachezaji likifunguliwa, ubishi ni ule ule kuanzia Katuba hadi Ruashi. Jina la kijana wa Lubumbashi linasomwa redioni, bei inatajwa kwa euro, na jioni hiyo hiyo, pembeni ya kiwanja cha vumbi, watu wanaanza kugawana pesa ambazo hakuna aliyeziona. Mmoja anasema timu ya mtaa iliyomfundisha mtoto ina asilimia 5 yake. Mwingine anasema hiyo asilimia ni ya wazazi. Wa tatu anasema kila kitu kinabaki kwa timu iliyomuuza, na wa nne anamtaja "manejeri" aliyemnunulia mtoto viatu vya kwanza kwamba ndiye mwenye mali.

FIFA ina kanuni mbili zinazoipa timu ndogo haki ya kulipwa, na haki hiyo haiangalii ukubwa wa timu wala urafiki na mtu wa shirikisho. Inaangalia usajili: mtoto aliandikwa au hakuandikwa, na timu gani, kuanzia umri gani, kwa jina lipi. Timu nyingi za mitaa yetu zinazipoteza pesa hizi miaka 10 kabla mchezaji hajauzwa, siku ile kocha anaposema: "Huyu bado mdogo, tutamwandikisha mwakani."

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi inatokea hapo.

Bei ya uhamisho ni pesa ambazo timu inayonunua inailipa timu inayouza ili imwachie mchezaji kabla mkataba wake haujaisha. Mkataba ukiwa umeisha, hakuna bei ya uhamisho. Mchezaji anaondoka bure.

Mchango wa mshikamano ni asilimia 5 ya bei hiyo. Inakatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea mchezaji, kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka anaotimiza 23.

Fidia ya mafunzo ni jambo jingine kabisa. Haihesabiwi kwa asilimia ya bei. Ni kiasi kilichopangwa kwa kila mwaka wa mafunzo, na anayelipa ni timu mpya, pale mchezaji anaposajiliwa kama mchezaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza, au anapohamia nchi nyingine akiwa hajapita mwaka wake wa 23.

Pasipoti ya mchezaji haihusiani na ile ya kuvukia mpaka wa Kasumbalesa. Ni orodha ya timu zote alizosajiliwa tangu mwaka wa 12, na tarehe za kuingia na kutoka. Ichukulie kama rundo la buletini za shule. Mtoto akipita shule tatu, kila moja inatoa buletini ya miaka yake, na shule isiyoandika buletini haiwezi kuja baadaye kusema alisomea kwake, hata kama mtaa mzima ulimwona akiingia darasani kila asubuhi.

Hesabu ya asilimia 5

Tuchukue mchezaji wa miaka 24 anayeuzwa kwa euro 2,000,000. Asilimia 5 ni euro 100,000. Pesa hizo hazigawiwi timu sawa kwa sawa, zinagawiwa miaka. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unabeba asilimia 5 ya hizo 100,000, yaani euro 5,000. Kila mwaka kati ya 16 na 23 unabeba asilimia 10, yaani euro 10,000. Miaka 4 ya kwanza inafanya 20,000, miaka 8 inayofuata inafanya 80,000, jumla 100,000.

Sasa weka timu kwenye miaka hiyo. Kama kijana alisajiliwa na timu ya mtaa katika komini ya Kenya kuanzia mwaka wa 12 hadi wa 15, timu hiyo ina euro 20,000. Kama kuanzia 16 hadi 19 alikuwa timu ya daraja la juu hapa mjini, hiyo ina 40,000. Sehemu iliyobaki ni ya timu alizochezea akiwa na miaka 20 hadi 23, hata kama mojawapo ndiyo inayomuuza leo. Aliyehama katikati ya mwaka, mwaka huo unakatwa kulingana na muda aliokaa kila upande.

Watu wengi wanadhani asilimia 5 inaongezwa juu ya bei. Hapana, inatoka ndani yake. Timu inayouza inapokea pungufu kidogo, na mnunuzi hatozwi zaidi ya alichokubali.

Kosa la pili ni kudhani hii inalipwa mara moja, kwenye uuzaji wa kwanza. Inalipwa kila mchezaji anapouzwa kwa pesa kutoka nchi moja kwenda nyingine, hadi anapostaafu. Mtanzania Mbwana Samatta alitoka TP Mazembe ya hapa Lubumbashi kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 Genk ikamuuza Aston Villa ya Uingereza. Uuzaji ule wa pili ulikuwa kati ya Ubelgiji na Uingereza, lakini miaka yake ya malezi ya Dar es Salaam na ya Lubumbashi ilikuwa bado inahesabiwa. Jackson Muleka vilevile: aliondoka Mazembe mwaka 2020 kwenda Standard Liège ya Ubelgiji, kisha mwaka 2022 akaenda Beşiktaş ya Uturuki. Timu iliyomwandikisha mchezaji wa namna hiyo akiwa na miaka 13 inapaswa kufuatilia safari yake yote, kwa sababu hata akiuzwa na miaka 30, mwaka wake wa 13 uko palepale.

Tangu Julai 2020 kuna nyongeza ambayo wengi hawajaisikia. Timu mbili za nchi moja huko nje zikiuziana mchezaji aliyelelewa Kongo, tuseme Wabelgiji kwa Wabelgiji, timu ya Kongo iliyomlea ina haki ya sehemu yake pia.

Ila mchezaji akiuzwa kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, na timu zote zilizomlea ni za Kongo, kanuni hiyo ya FIFA haigusi. Hapo zinafuatwa taratibu za nyumbani na karatasi mlizosainiana. Kwa hiyo timu ya mtaa inapomwachia kijana aende timu kubwa ya mjini, dakika hiyo ndiyo ya kuomba kifungu cha sehemu ya mauzo yajayo: kwamba timu kubwa ikimuuza baadaye, timu ya mtaa itapata asilimia fulani ya kile itakachopokea. Kifungu hicho kinaruhusiwa kati ya timu na timu. Kiandikwe kwenye barua ya makubaliano, kiwe na asilimia kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi za pande mbili. Kupeana mkono mbele ya mashahidi hakutoshi. Prezida wa timu kubwa atabadilika, na atakayekuja atauliza karatasi.

Fidia ya mafunzo, na mlango unaojifunga mapema

FIFA inapanga timu za kila bara katika madaraja, na kila daraja lina gharama yake ya mwaka mmoja wa kumfundisha mchezaji. Kwa Ulaya ni euro 90,000 kwa daraja la kwanza, 60,000 la pili, 30,000 la tatu na 10,000 la nne. Kwa Afrika, viwango vinaanzia daraja la pili: dola 30,000, kisha 10,000, kisha 2,000. Kinachotazamwa ni daraja la timu inayompokea, siyo la timu iliyomlea. Miaka ya 12 hadi 15 inahesabiwa kwa bei ya daraja la nne la bara la timu inayompokea. Kuanzia 16 hadi 21 inahesabiwa kwa bei ya daraja lake halisi.

Chukua kijana wa Kampemba aliyebaki timu moja tangu mwaka wa 12 hadi wa 17, mchezaji wa ridhaa, hajasaini mkataba wowote wa kulipwa. Mwaka anaotimiza 18, mwanzoni kabisa, anasaini mkataba wake wa kwanza na timu ya Ulaya ya daraja la tatu. Miaka 4 mara euro 10,000 ni 40,000. Miaka 2, ya 16 na 17, mara 30,000 ni 60,000. Timu ya Kampemba inadai euro 100,000, hata kama kijana aliondoka bila bei yoyote ya uhamisho. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na mchango wa mshikamano: aliyeondoka bure haleti asilimia 5, lakini anaweza kuleta fidia.

Sasa mlango wenyewe. Mkataba wa kwanza wa kulipwa ukisainiwa ng'ambo, timu zote zilizomlea zinalipwa, kila moja miaka yake. Mkataba wa kwanza ukisainiwa hapa hapa Kongo, kisha mchezaji akaenda nje akiwa tayari wa kulipwa, fidia ya FIFA inaenda kwa timu moja tu, ile anayotoka. Timu ya mtaa haimo tena. Inabaki na mchango wa mshikamano, na huo unahitaji bei ya uhamisho. Ndiyo sababu kile kifungu cha sehemu ya mauzo yajayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwa vijana wengi wa hapa, njia inapita kwanza kwenye timu kubwa ya mjini, na kwa timu ya mtaa kifungu hicho mara nyingi ndicho kinga pekee.

Timu inayompokea ikiwa ya daraja la nne, haidaiwi fidia. Na timu inaweza kuisamehe fidia yake kwa maandishi. Hapa inatakiwa macho makali. Barua ya kumwachia mchezaji, ile inayoletwa imeshachapwa tayari kwa Kifaransa na kusubiri muhuri tu, wakati mwingine ina mstari mmoja chini unaosema timu "inaachana na madai yote yajayo". Someni kila mstari kabla muhuri haujagusa karatasi. Kama mnataka kumsaidia kijana apate nafasi, andikeni barua yenu wenyewe yenye sentensi mbili: kwamba mnamwachia, na kwamba mnabaki na haki zenu zote za mafunzo na za mshikamano.

Wasichana wana hesabu yao. Fidia ya mafunzo haitumiki katika mpira wa wanawake. Mchango wa mshikamano unatumika. Kwa hiyo msichana anayeuzwa kwa pesa analeta sehemu kwa timu iliyomlea kama mvulana, mradi awe amesajiliwa, na timu nyingi hazijawahi kumwandikisha msichana hata mmoja wa miaka 12 kwa kuwa hakuna mashindano yake. Futsal, mpira wa ukumbini, haimo katika kanuni yoyote kati ya hizo mbili.

Pesa zinavyopita, na zinapokwama

Zamani timu ndogo ilipaswa kujua yenyewe kwamba mchezaji wake ameuzwa, kukusanya ushahidi na kudai mbele ya FIFA, na madai yaliyopita miaka 2 hayasikilizwi. Tangu Novemba 2022 kuna FIFA Clearing House, ofisi ya malipo iliyo Paris. Uhamisho ukifanyika, mfumo unakusanya usajili wote wa mchezaji kutoka mashirikisho ya nchi alikopita, unatengeneza pasipoti yake ya kielektroniki, unaacha siku chache za kukagua na kurekebisha, kisha unatoa mgawo. Mnunuzi analipa Paris, Paris inazilipa timu.

Ni mfumo mzuri kwa timu ndogo kwa sababu hauhitaji wakili. Lakini unasoma kilichoandikwa tu. Ukichunguza mahali ambapo timu za hapa zinaangukia, sehemu ni nne.

Ya kwanza ni timu yenyewe kutokuwepo kisheria. Akademi ya mtaa yenye watoto 80, jezi safi na kocha hodari, lakini isiyo mwanachama wa Entente, yaani umoja wa timu za mpira za mji (hapa Lubumbashi ni EUFLU), mbele ya FIFA si timu. Watoto wake hawana usajili, kwa hiyo miaka yao ni mitupu. Njia ya Kongo inapanda hivi: timu iko chini ya Entente, Entente chini ya ligi ya jimbo, ligi chini ya FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo. Usajili wa mtoto lazima upande ngazi hiyo hadi juu na uingizwe kwenye mfumo wa kielektroniki unaompa namba yake ya FIFA. Lisansi, yaani kadi ya usajili wa mchezaji, iliyolala kwenye droo ya katibu bila kuingizwa kwenye mfumo ni nusu ya kazi. Dai uthibitisho wa namba hiyo kwa kila mtoto, na uiandike kwenye faili lake.

Ya pili ni majina. Sisi tuna jina, posti-nomu (jina la pili) na prenomu (kama Patrick), na kila katibu anaandika kwa mpangilio anaoupenda. Mtoto anaitwa Kasongo Ilunga Patrick (mfano wa kubuni). Msimu wa kwanza anaandikwa Kasongo Patrick, wa pili Ilunga Kasongo, wa tatu timu mpya inaandika Patrick Ilunga Kasongo na herufi moja imeruka. Mfumo unaona watu watatu, unatoa namba tatu, na miaka iliyo chini ya namba ya kwanza haionekani mtu wa namba ya tatu anapouzwa. Dawa yake ni kunakili jina kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, kwa mpangilio wa cheti, na kuulizia namba ya zamani kabla ya kuomba mpya.

Ya tatu ni umri, na hapa inabidi kusema wazi, maana kuna viongozi wanaoamini kupunguza miaka kunamsaidia mtoto na timu. Tuseme mtoto alizaliwa 2005, mkamwandikisha kwa haki mwaka 2017 akiwa na miaka 12. Mwaka 2021 mtu anamtafutia cheti kipya kinachosema 2008 ili acheze na wadogo. Kuanzia hapo, kwa karatasi, mwaka 2017 alikuwa na miaka 9. Miaka 2017, 2018 na 2019 inaanguka nje ya hesabu yote. Kwa mfano wetu wa euro 2,000,000 hiyo ni euro 15,000 zilizochomwa na timu yenyewe. Tena mtoto anabaki na tarehe mbili katika mfumo, jambo linaloweza kuzuia usajili wake ng'ambo kabisa. Na katika mashindano ya chini ya miaka 17 kifundo cha mkono kinapigwa picha ya MRI, na mfupa hausomi cheti.

Mtoto asiye na cheti ana njia halali. Kuandikisha uzazi kwenye ofisi ya hali ya raia ya komini kunafanywa ndani ya siku 90. Muda huo ukipita, mzazi anaomba hukumu ya mahakama ya watoto inayochukua nafasi ya tangazo hilo, kisha komini inatoa cheti. Inachukua muda na ina gharama zake. Timu inayowakusanya wazazi wa watoto 10 na kupeleka mafaili yote siku moja inawapunguzia mizunguko, na imefanya kazi ambayo mtoto ataihitaji hata kwa mtihani wa shule.

Ya nne ni mapengo. Timu inawasajili watoto msimu wenye mashindano, msimu ambao hakuna inaacha, lakini mazoezi yanaendelea. Mwaka usiosajiliwa hauhesabiwi, hata kama mtoto alifika mazoezini kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwanzoni mwa msimu, katibu aende EUFLU kuuliza ni makundi gani ya umri yanatolewa lisansi, alipie, achukue risiti. Mkikosa uwezo wa kuwaandikisha wote, anzeni na walio kwenye mwaka wa 12 na 13, siyo na nyota wa miaka 19. Huyo wa 19 tayari ana rekodi, mdogo hana kitu.

Nani hana sehemu

Wazazi hawana sehemu katika malipo haya. Wao wana mtoto mwenye mshahara, hilo ni jambo la familia. Kocha hana sehemu kwa jina lake. Timu ikitaka kumpa, iandike kwenye kumbukumbu za mkutano wa komite. Na yule mtu anayesema ana "asilimia 40 ya mchezaji" kwa sababu alimlipia masomo na viatu, hana kitu FIFA inachokitambua: tangu Mei 2015 ni marufuku mtu wa nje kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji. Timu inayosaini naye karatasi ya namna hiyo inajiwekea hatari ya adhabu. Mfadhili wa kweli anaweza kuandikwa kuwa mfadhili, akapewa risiti, akashukuriwa hadharani, na timu ikabaki mwenye haki.

Tahadhari moja ya haraka kuhusu majaribio. Kusajiliwa nchi ya nje kabla ya miaka 18 kumekatazwa, isipokuwa katika hali chache, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusiana na mpira. Mtu anayekuja na ahadi ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya au Uarabuni kusaini mkataba, akidai pesa za viza kwa wazazi, anauza kitu ambacho kanuni haziruhusu.

Kazi ya kufanya msimu huu

Kwanza hadhi. Timu inayotaka kusimama yenyewe, pamoja na uanachama wa EUFLU, inatafuta hadhi ya ASBL (shirika lisilotafuta faida) chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: katiba iliyothibitishwa na mthibitishaji wa serikali, orodha ya wanachama, na maombi kwa Wizara ya Sheria, pamoja na maoni ya wizara inayohusika na michezo. Ni njia ndefu, na wengine wanakata tamaa katikati. Lakini benki inayotakiwa kupokea euro kutoka Paris itauliza karatasi hizo, na ofisi ya Paris kabla ya kulipa inachunguza timu ni nani, viongozi wake ni nani, akaunti ni ya nani. Akaunti iwe kwa jina la timu, yenye sahihi mbili au tatu. Namba ya simu ya prezida haipokei malipo haya.

Pili faili. Kwa kila mtoto, bahasha moja ngumu: picha mbili, kopi ya cheti cha kuzaliwa, kopi ya lisansi za kila msimu, namba ya FIFA, sahihi ya mzazi na namba yake ya simu. Karatasi za mechi, zile zenye majina ya wachezaji na sahihi ya mwamuzi, zipigwe picha kwa simu kabla hazijaondoka uwanjani, kwa sababu Oktoba hadi Aprili mvua ya Lubumbashi inaingia kwenye nyumba nyingi, na bahasha iliyolowa haisomeki. Picha hizo zitumwe kwa watu wawili. Ndizo ushahidi utakaotumika pasipoti ikitoka na pengo na shirikisho likiombwa kulirekebisha.

Hapa kuna jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza katika mikutano ya komite. Watoto wengi mnaowaandikisha hawatauzwa popote. Timu inayofanya hesabu kwa mtoto mmoja tu wa bahati inaanza kuwafukuza wengine, na ndani ya misimu miwili haina tena kundi la miaka 12. Faili zile zile zinafaa kwa wote. Orodha safi ya watoto 60 yenye umri na mtaa ndiyo inayomshawishi bourgmestre, mkuu wa komini, awaachie kiwanja saa zenu, ndiyo mfadhili wa dukani anayoitaka kabla ya kutoa mipira, ndiyo inayoonyesha kwamba wasichana ni 4 tu na kwamba kuna kazi. Ikiwa siku moja pesa za Paris zinaingia, mkutano uwe umekwisha kuamua kwa maandishi zitaenda wapi. Mapendekezo yetu: lisansi za watoto wote za misimu mitatu, mipira ya namba 4 kwa walio chini ya miaka 13 (wengi wanawapigisha namba 5, mzito na mkubwa kwa miguu yao), kundi la wasichana lenye kocha wake, na kinachobaki kisawazishe kiwanja kabla ya mvua.

Mwisho, barua pepe. Mfumo wa Paris unawasiliana na timu kwa anwani iliyoandikwa kwenye usajili, na timu nyingi zimeweka anwani ya katibu. Katibu akihamia Kolwezi kutafuta kazi, ujumbe unaosema "timu yenu ina sehemu katika uhamisho huu, thibitisheni" unafika kwenye simu ya mtu asiyekuwa tena kwenye komite, na siku za kuthibitisha zinaisha. Fungueni anwani kwa jina la timu. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi mbili, moja kwa prezida na moja kwa mweka hazina, libadilishwe kila komite inapobadilika, na mtu mmoja apewe kazi ya kuifungua kila Jumatatu, hasa Januari, na tena kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba.